Nilimwandika wifi yangu, sasa nyumba nzima imenuna

Shikamoo Shangazi. Naomba usinitaje jina maana huku Moshi tunajuana wote, na hili jambo lenyewe limetokana na kutajana.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 36, kazi yangu fundi cherehani, nina fremu ndogo karibu na soko la Mbuyuni, mashine mbili na binti mmoja ninayemfundisha kazi. Mume wangu ni dereva wa Coaster, Moshi Arusha, kwao ni Kibosho na niliolewa huko mwaka 2013.

Sasa Shangazi, kitu ambacho watu wengi hawakijui ni kwamba mi napenda sana kuandika. Sikusoma sana, niliishia form four, ila toka shule nilikuwa nawaandikia wenzangu hadithi kwenye madaftari ya mazoezi wanazungushiana. Miaka miwili iliyopita wenzangu wa kikoba waliniomba niwe nawawekea stori kwenye grupu letu la WhatsApp, tuko wanawake 40, basi watoto wakilala naanza saa nne usiku naandika kwenye simu mpaka saa sita, natuma sehemu ya kwanza, kesho ya pili, hivyo hivyo. Kwa kweli ile ndo saa yangu mimi, saa zingine zote ni za watu.

Mwezi wa kumi na moja nikaanza stori ya mwanamke aliyerudi mlimani kutoka Dar akakuta mama yake mzee anaishi vizuri na mkamwana, akafika akashika kila kitu, ndizi zake, kahawa yake, funguo zake, mpaka mkamwana akawa kama mgeni. Yule mkamwana kwenye stori ni mpole, mvumilivu, kazi zote anafanya yeye na hana neno na mtu. Shangazi sikufichi, yule mwanamke ni wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Nilibadilisha jina tu. Nikaweka thamosi yake ya kijani ambayo mtu mwingine haruhusiwi kuigusa, nikaweka anavyohesabu mikungu kabla mchuuzi hajapakia, na kile kidaftari chake anachoandika kila mkungu unaotoka, hadi ule mdogo wa kumgawia jirani anauandika, akimaliza kalamu anaichomeka kwenye kilemba. Nikaweka na maneno aliyoniambia siku ile naingia ukweni mbele za watu, "fundi wa nguo tumempata, mke tutamwona mbele ya safari". Hayo maneno sijawahi kuyasahau hata siku moja.

Wenzangu waliipenda hiyo stori hakuna mfano. Kuna waliokuwa wananipigia asubuhi kabla sijafungua fremu wanauliza itaendaje, wengine wanasema hii ndo bora kuliko zote, na mi mwenyewe nilikuwa naona, mkono ulikuwa unaenda wenyewe.

Basi unajua Krismasi huku watu wote wanapanda mlimani. Tarehe 26 tuko nyumbani Kibosho, tumeshakula, watoto wamekaa kwenye mkeka, wifi akatoa simu, akavaa miwani, akaanza kusoma. Sehemu ya sita yote. Kuna mtu kwenye grupu alipiga skrinshoti akamtumia. Hakupandisha sauti Shangazi, alisoma taratibu kama mtu anavyosoma somo kanisani. Alipofika kwenye thamosi mwanangu mkubwa akasema kwa sauti, "kama ya shangazi". Mama mkwe akainuka akaenda jikoni na hakurudi tena. Wifi alipomaliza akazima simu akaniangalia akasema, "Hujawahi kuniuliza kitu hata siku moja." Akaingia ndani. Hakusema lingine.

Mume wangu hajanitukana, ila toka siku ile anaongea na mimi ya lazima tu. Alichosema ni kwamba mambo ya nyumbani siyo ya kuandika, kuandika ni kwa watu waliosoma, wewe shona. Sasa hivi ni mwezi wa pili na sijaandika hata mstari, nikishika simu naona miwani ya wifi. Na kazini nako mambo yameharibika, juzi nimeharibu gauni la komunyo la mtoto wa mteja wangu wa siku nyingi, mama yake alileta satini nyeupe ameinunua kwa kujinyima, mi nikachukua vipimo vya mtoto kwenye daftari vya mwaka jana nikakata, kuja kumvalisha zipu haifiki juu, mtoto amepanuka kifua na amerefuka. Miaka yote ya ufundi sijawahi kufanya kitu kama hicho.

Naomba unisaidie. Niache kuandika? Au niendelee kwa jina la bandia kwenye grupu lingine wasikonijua? Na wifi nimfanyeje, maana kuna wanaoniambia nimpelekee sale, lile jani letu Wachaga la kuombea msamaha, yaishe, na kuna wanaosema nikaushe, yataisha yenyewe. Kinachonichanganya zaidi ni kwamba yale niliyoyaandika mi bado naona ni kweli.

Fundi, Moshi

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma asubuhi nikaisoma tena mchana, na ngoja nianzie kule mwishoni kwenye gauni la komunyo, maana umeliweka pale kama mkosi mwingine uliokufuata, kumbe mimi nilipofika pale ndo nikaelewa barua yote.

Ulikata satini kwa vipimo vya mwaka jana. Mtoto yupo hapo hapo Moshi, ungemwambia mama yake amlete angesimama mbele yako dakika tano na ungeona kwa macho kabla hata ya kuvuta tepu kwamba huyu siye wa mwaka jana. Lakini daftari lilikuwa karibu, ukaliamini. Sasa rudi kwenye stori. Wifi uliyemkata kwenye sehemu zile sita umemkatia vipimo vya 2013. Maneno aliyokuambia siku unaingia ukweni umeyaandika siku ile moyoni, ukafunga daftari, na kila ukitaka kumwelewa unafungua ukurasa ule ule. Imepita zaidi ya miaka kumi. Wewe ulikuwa bibi arusi huna fremu wala mtoto, leo una watoto wawili na binti wa watu unamfundisha kazi, umebadilika wewe, kwa nini yeye abaki amesimama mlangoni na sentensi ile ile mdomoni?

Sisemi yale maneno hayakuuma. Yaliuma, na hakutakiwa kumwambia hivyo mgeni wa nyumba mbele za watu, na ipo siku utamwambia usoni kwamba yalikuuma. Lakini siku hiyo bado, nitakuja huko.

Unasema uliyoyaandika ni kweli. Nakubali thamosi ni kweli, kilemba na kalamu ni kweli, mikungu inahesabiwa kweli, na wenzako wameipenda stori kwa sababu hiyo, macho unayo mwanangu na hilo usiruhusu mtu akunyang'anye. Ila nimetafuta kwenye barua yako sababu ya huyu mwanamke kuondoka Dar na kurudi mlimani, sikuikuta. Nimetafuta kile kidaftari anamwandikia nani, sikukuta. Ndani ya thamosi kuna nini na ni cha nani, sikukuta. Mtu amekaa mjini miaka, ana maisha yake kule, anarudi Kibosho kulala kwenye baridi ya mwezi wa saba na kuhesabu ndizi mpaka za kugawa, kuna kitu hapo. Mimi sikijui na sitakisia, maana nikianza kumtungia tutakuwa tumemkata mara ya pili. Wewe unaweza kukijua, uko umbali wa daladala moja.

Sikiliza alichosema baada ya kusoma. Hakusema umenitukana, hakusema umesema uongo. Alisema hujawahi kuniuliza. Ametumia sentensi moja tu katika siku ambayo watu wengine wangetumia sufuria na viti, na mimi kama mtu wa maneno nakwambia hiyo sentensi ni nzuri kuliko nyingi zilizomo kwenye stori yako, irudie kichwani taratibu.

Hapo Moshi asubuhi mlima ukiwa wazi unaiona Kibo na theluji yake, na kulia kwake Mawenzi imekaa meno meno. Hadithi yake umesikia toka mdogo kama nilivyoisikia mimi kwa bibi yangu Machame, kwamba Mawenzi moto wake ulikuwa unazimika kila mara, anakwenda kwa Kibo kuomba moto, akifika anakuta chakula anakaribishwa, kesho karudi tena, keshokutwa tena, mpaka Kibo akachoka akamtwanga, wengine wanasema kwa mwiko wengine wanasema kwa mchi, na ndo maana Mawenzi ana mapengo mpaka leo. Nimeisikia hadithi hiyo mara nyingi mno na kwa wasimulizi wengi na sijawahi kusikia hata mmoja akisema kwa nini moto wa Mawenzi ulikuwa unazimika. Labda kuni zake zilikuwa mbichi, labda ndani kulikuwa na mgonjwa anamuuguza hana muda wa kupuliza moto, hatujui, kwa sababu hadithi tumepewa na upande wa Kibo. Stori yako imesimuliwa na Kibo mwanangu. Na yule mkamwana wako mpole, mvumilivu, asiye na neno na mtu, huyo ndo mtu wa uongo kwenye stori nzima, siyo wifi. Mwanamke ameolewa miaka yote hiyo hajawahi kununa, hajawahi kuficha sukari, hajawahi kumjibu mtu vibaya akajuta? Wenzako wa kikoba walimsifia kwa kuwa kila mmoja alijiona yeye, lakini mtu wa hivyo hayupo Kibosho wala popote.

Ngoja nikusimulie jambo langu, maana kuandika mimi sikujifunzia darasani japo nimefundisha Kiswahili miaka mingi. Nimejifunzia kwenye barua za watu. Miaka ya 80 nikiwa msichana kule Machame nilikuwa ndo mwandishi wa barua wa kitongoji, mtu akitaka kumwandikia mwanawe aliye mbali anakuja kwetu na bahasha na stempu anakaa kwenye kigoda ananiambia. Kulikuwa na mama mmoja mwanawe yuko Tanga kwenye mashamba ya mkonge, anakuja karibu kila mwezi. Anasema, mwambie mbuzi amezaa. Mwambie mvua imenyesha. Mwambie mgomba wa kona umeanguka na upepo. Mimi kwa utoto wangu naona hayo si maneno ya mama kumwandikia mwana, kwa hiyo naongeza ya kwangu, mwanangu mpendwa nakukumbuka usiku na mchana, nikimsomea ananisimamisha, hayo siyo yangu, futa. Nikafuta sana mwaka ule. Baadaye nikaacha kuongeza, nikawa naandika alivyosema yeye, na akinyamaza namuuliza, "Umemaliza mama?" halafu na mimi nanyamaza. Siku moja nilipouliza hivyo alikaa kimya muda, anakunja na kukunjua pindo la khanga, halafu akasema, "Mwambie ule mgomba uliangukia paa la chumba chake."

Barua nzima ilikuwa inakwenda pale. Mbuzi na mvua ilikuwa njia tu. Na mimi ningewahi kuifunga ile bahasha dakika moja mapema isingeandikwa kabisa.

Kitu nilichojifunza kwenye karatasi nimekuja kukitumia nyumbani kwangu hapa Arusha miaka mingi baadaye. Mume wangu alipostaafu akawa mkali, chai imepoa, gazeti liko wapi, nani kahamisha kiti, mi nikawa namjibu kiti kwa kiti gazeti kwa gazeti tukawa tunagombana kutwa. Siku moja nikamwacha aseme yote kuhusu chai, nikamuuliza umemaliza, nikanyamaza kama nilivyokuwa nanyamaza mbele ya yule mama. Akakaa. Akasema hajui akiamka asubuhi aende wapi. Chai haikuwahi kuwa na tatizo.

Na wewe hili unalifanya kila siku ila hujui kama ndo lile lile. Fundi anamshika mtu kiuno, mtu amenyanyua mikono, hana pa kuficha. Mteja wako wa siku nyingi amepungua inchi tatu toka mara ya mwisho, tepu imekuambia, na wewe fundi mwenye adabu husemi kwa sauti, unaandika namba na unangoja, na mara nyingi akishavaa viatu vyake pale mlangoni anakuambia mwenyewe nilikuwa naumwa. Mjane anakuja na koti la marehemu anaomba ulipunguze likae kwa mtoto wa kiume, unapogeuza bitana unakuta tiketi ya basi mfukoni, hutupi, unamrudishia kimya kimya mkononi. Huyo fundi anayejua kungoja na kurudisha tiketi, kwa nini saa nne usiku akishika simu anaondoka anamwachia mtu mwingine aandike? Mpeleke na yeye kwenye stori. Na mpeleke Kibosho.

Basi kwa wifi utakwenda. Kukausha hapana kabisa, maneno yaliyosomwa mbele ya mama mkwe na watoto hayaishi yenyewe, yatakaa mpaka mazishi ya mtu ndo yafumuke. Nenda siku ya kazi siyo sikukuu, wewe peke yako, asubuhi ambayo najua utapoteza wateja na upoteze tu. Usiende na simu mkononi. Msalimie mama mkwe kwanza kule jikoni alikokwenda, maana yeye ulimwondoa kwenye meza ya Krismasi na bado hajarudi. Ukikaa na wifi usianze kujieleza, usimwambie nilibadilisha jina, usimwambie ni stori tu, hiyo stori tu itamuuma kuliko stori yenyewe. Mwambie, wifi ulisema sijawahi kukuuliza, nimekuja kuuliza. Halafu muulize jambo moja dogo lenye jibu, muulize hata kidaftari. Anaweza kukujibu vibaya. Anaweza kukuambia kahesabu mwenyewe mikungu. Kaa. Akimaliza muulize, "Umemaliza wifi?" na ungoje kama unavyongoja mteja mlangoni.

Sale naiheshimu, nimeiona ikimaliza ugomvi wa kihamba, yaani shamba la ukoo, uliodumu toka wazee hawajafa, lakini nakuonya kwa jambo moja. Kwa desturi yetu mtu ukipelekewa lile jani huna ruhusa ya kukataa kusamehe. Sasa wewe ukianza na sale kabla hujamsikiliza utakuwa umemfunga mdomo mara nyingine, mara ya kwanza kwenye stori hukumpa nafasi ya kusema, mara ya pili kwenye msamaha. Mwache kwanza aseme kila anachotaka kusema, ikibidi uende mara mbili, mara tatu. Ukiona ameshasema, ndo umwombe mama mkwe au mzee wa ukoo apeleke sale kwa ajili yako. Na akishapokea, siku yoyote baada ya hapo, ndo umwambie yale maneno ya 2013 yalikuuma. Utaona ataweza kuyasikia.

Mumeo yuko katikati ya mke na dada na mama, mwonee huruma kidogo, akiona umepanda Kibosho peke yako ataanza kuongea. Ila kwa lile alilosema kwamba mambo ya nyumbani siyo ya kuandika, na kuandika ni kwa waliosoma, hapo sikubaliani naye na nataka ulijue hili vizuri ili usije ukaliamini. Mwana Kupona binti Msham, mwanamke wa Pate huko pwani ya Kenya, mwaka 1858 alikuwa anaumwa, ugonjwa umemshika mwaka mzima, akamwita binti yake akamwambia njoo ukae na wino na karatasi. Alichomtungia ni mambo ya nyumbani, namna ya kukaa na mume, na watu, na wadogo na wakubwa. Utenzi huo unasomwa mpaka leo, umri wake unazidi miaka 160. Hao hao wanaosema ya nyumbani siyo ya kuandika wamefundishwa Kiswahili kwa maneno ya mama mgonjwa aliyekuwa anaongea na mwanawe ndani. Angalia tu tofauti yake na wewe, yeye binti yake alikuwa amekaa mbele yake anasikia kila neno.

Kwa hiyo kuacha kuandika, hapana. Jina la bandia nalo halikusaidii, kule kumjua wifi hakukutokana na jina, kulitokana na thamosi. Utabadilisha jina lako na lake na la kijiji na bado mwanao atasema kama ya shangazi. Ukitaka kuchukua kitu kwa mtu wa karibu, chukua kimoja, kingine chukua kwa mteja, kingine kwa abiria aliyesimuliwa na mumeo, mbadilishie kazi na umri na mlima, mpe na kitu unachokipenda wewe mwenyewe, mpaka ukimwangalia usimtambue. Na kama huyo mtu haiwezekani kumtenganisha na yule unayemfahamu, msomee yeye kwanza kabla ya wale 40. Ni ngumu, najua, nami nimewahi kukaa na karatasi mwezi mzima kwa kuogopa mtu mmoja. Lakini lile la kwako lilitoka kwenye kidole likaenda simu 40 usiku saa sita hata chai haijanywewa juu yake. Mshono unafumua kwa wembe asubuhi mteja hajaja, hili halifumuki tena.

Kwenye grupu waandikie mstari mmoja kwamba stori ile imesimama. Usieleze kwa nini, na usimtafute aliyepiga skrinshoti, hiyo kazi itakula nguvu zako zote na haina faida.

Halafu nunua daftari, siyo simu, simu ina kitufe cha kutuma. Saa nne usiku kaa uandike ile tarehe 26 upya kutoka kwenye kiti cha wifi. Anajua toka lini? Amebeba ile skrinshoti siku ngapi kwenye pochi kabla ya kuisoma? Alivaa miwani ile asubuhi akijua atasoma, au aliamua baada ya kula? Yule mtoto aliposema kama ya shangazi, yeye ndiye shangazi, alisikia nini? Pale usipojua acha nafasi wazi kwenye mstari, usijaze kwa kubuni. Hizo nafasi wazi ndo maswali ya kupeleka Kibosho. Usimwonyeshe mtu hilo daftari, na mimi usinitumie.

Ila kabla ya yote hayo, leo hii kabla hujafunga fremu, mpigie mama wa yule mtoto. Usimwambie satini ilikuwa fupi. Mwambie ulikata bila kumpima mwanae, na kwamba kitambaa kingine unanunua wewe, na ile satini iliyokatwa usiitupe, itatosha kisibau au gauni la mdogo wake kama anaye, muulize. Halafu amlete mtoto mwenyewe, asimame karibu na mlango penye mwanga, anyanyue mikono, na binti unayemfundisha ashike upande wa pili wa tepu.